Kinyago Kinachosikika

Kiswahili hakijajenga ukuta kati ya milango ya fahamu. Mtu wa Likombe, pale Mtwara, husikia adhana, husikia harufu ya samaki wa kukaanga, husikia baridi ya alfajiri. Kitenzi ni kilekile. Sauti ni nene, maneno makali, muziki mtamu. Wapo watu wachache ambao wakisikia sauti huona rangi kabisa. Wanasayansi huiita hali hiyo sinesthesia. Sisi wengine tunachanganya kwa lugha, na kwa sanaa.

Chukua kinyago cha Wamakonde. Upande huu wa Ruvuma ngoma yake huitwa midimu. Ng'ambo, Msumbiji, ni mapiko. Lipiko huvaliwa kichwa kizima, mwili ukafunikwa nguo, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wa ile sura. Anaona kidogo sana, basi masikio ndiyo yanaongoza miguu. Mpigaji akibadili mdundo, mti unageuka mtu, mzee au mcheshi. Kwa desturi, vijana walijulishwa jandoni kwamba aliyemo ndani ni binadamu. Lilikuwa somo la macho, masikio na hofu kwa pamoja.

Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujazimika, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi, akafika Masasi na Newala. Alibeba kamera, mashine ya filamu na fonografu. Hakuwa na chombo kimoja cha kubeba ngoma nzima, kwa hiyo aliigawa: sauti kwenye silinda za nta, mwendo kwenye filamu bubu, vinyago kwenye mizigo ya kwenda Ulaya.

Tuseme ukweli, bila nta zile tungekuwa na kidogo zaidi. Lakini mgawanyo ule ulitoka safarini ukawa mazoea. Kinyago kikawekwa nyuma ya kioo, kikapimwa kwa jicho tu: kizuri, kibaya, cha kale, bei gani. Leo hata sisi wenyewe tunakifundisha hivyo, kwa picha ya kitabu.

Hapo ndipo tunapopoteza. Zamani Waswahili waliulizana, "Wasikia Kiswahili?" maana yake, unakielewa? Mtoto aliyeoneshwa picha ya kinyago bila ngoma ameona mti uliochongwa. Hajakisikia bado.