Riyadha: Dini na Daraja za Watu katika Mji wa Lamu

Katika Lamu ya miaka ya 1870, mtu alijulikana kwa kichwa chake na miguu yake. Muungwana alivaa kofia na makubadhi. Mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu, hasa mbele ya bwana wake. Mwanamke wa kiungwana alipotoka nje, jambo ambalo halikutokea mara nyingi, alitembea ndani ya shiraa: kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa fito na kubebwa na watumwa, hata mpita njia asione ila hema linalosogea uchochoroni. Wajakazi waliolibeba hema hilo hawakuruhusiwa kujifunika nyuso. Stara, ambayo kwa Waislamu ni amri ya dini, hapa ilikuwa pia mali ya tabaka moja.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapo, inabidi tuanze na mashamba. Waungwana wa Lamu waliishi katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, lakini utajiri wao ulitoka ng'ambo, bara, ambako watumwa walilima nafaka na kuchuma nazi. Mpangilio wa namna hiyo haudumu kwa bakora peke yake, kwa sababu wenye kulima ni wengi na wenye kula ni wachache. Unahitaji maelezo ambayo hata anayeumia atayaona ya kweli, au angalau atakosa la kuyajibu. Lamu maelezo hayo yalitolewa kwa lugha ya dini: nasaba, usafi na elimu. Elimu ya sheria na ya Kiarabu ilirithiwa ndani ya koo chache, na mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali na kuchinja. Kisha ujinga wake ukatajwa kuwa ushahidi kwamba hastahili zaidi.

Wataalamu wa jamii wamebishana sana juu ya hali kama hii. Karl Marx, mwaka 1844, aliifananisha dini na afyuni: humpunguzia mnyonge maumivu, na papo hapo humzuia asiuondoe mzizi wake. Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1912, aliiona kwa jicho jingine. Kwake ibada ndiyo inayowakusanya watu na kuwafanya wajione kuwa wamoja. Ila muda mrefu kabla yao, mwaka 1377, Ibn Khaldun alikuwa amekwisha kuandika kwamba mwito wa dini haufiki popote usipopata asabia, yaani kundi la watu walioshikamana kiasi cha kuubeba. Ukoo wake, kama alivyoeleza mwenyewe, ulitoka Hadhramaut, nchi ambayo itatajwa tena katika habari hii.

Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 aliingia Lamu kijana kutoka Ngazija, Swaleh bin Alawi wa ukoo wa Jamalilil. Alikuwa sharifu, yaani mtu wa kizazi cha Mtume, na asili ya wazee wake ilikuwa Hadhramaut. Nasaba hiyo ilimpa heshima, lakini haikumpa mji. Hakuwa na nyumba ya mawe wala shamba, na misikiti ya Mkomani ilikuwa na wenyewe. Akakaa upande wa kusini, Langoni, palipokuwa na vibanda vya makuti na watu wa kuja: Wangazija, Washihiri wachuuzi, na watumwa. Alitibu watu kwa dawa za miti, na alifundisha. Aliwafundisha watumwa Kurani pamoja na elimu nyingine, jambo ambalo wenye mji walikuwa hawajazoea kuliona.

Hapa maneno ya Ibn Khaldun yanafaa kuliko ya wale wawili. Mgeni asiye na ukoo mjini hapati wa kumsikiliza mpaka apate kundi, na Habib Swaleh, kama watu walivyokuja kumwita, alilipata miongoni mwa wale ambao hakuna aliyewahesabu. Hakuwataka waache ngoma zao kwanza ndipo waje kusoma. Aliwapokea pamoja na ngoma zao, zikachezwa karibu na mahali alipofundishia, na kwa njia hiyo mtu aliyekuja kucheza alijikuta amekaa kusikiliza. Mahali penyewe palikuwa kibanda cha udongo na makuti. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pakasimama msikiti na chuo ambacho kinajulikana mpaka leo kwa jina la Riyadha, maana yake bustani.

Ugomvi uliozuka haukuhusu watumwa waziwazi. Ulihusu matari. Kabla ya hapo, kisomo kikuu cha maulidi kilikuwa cha Barzanji, na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Lamu, Sayyid Mansab, alikuwa amekwisha kukitia katika mashairi ya Kiswahili. Riyadha ikaleta maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakisomwa kwa matari na nai. Ebu yatazame kwa karibu. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe wamejipanga safu mbili wakitazamana, bega kwa bega, moshi wa udi unapita kati yao. Tari linaanza polepole. Safu zinainama pamoja na kuinuka pamoja, huku mtu akipita akiwanyunyizia marashi. Hapo aliyezaliwa mtumwa hajulikani kwa macho. Durkheim asingetafuta mfano bora.

Wazee wa mji walikuwa na hoja zao, na si haki kuzipuuza. Kuingiza ala katika ibada ni suala ambalo mafakihi walikuwa wamekwisha kuhitilafiana juu yake karne nyingi kabla ya Lamu. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba sauti ya ngozi peke yake iliwakasirisha kiasi kile. Kilichowaudhi zaidi, naona mimi, ni mikono iliyoipiga.

Wakati hayo yakiendelea, serikali ilikuwa ikikata mizizi ya waungwana kwa upande mwingine. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alikubali, kwa kushinikizwa na Waingereza, kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1895 mwambao wa Kenya ukawekwa chini ya utawala wa Waingereza, na mwaka 1907 hadhi ya utumwa yenyewe ikafutwa kisheria katika mwambao huo. Mashamba yakakosa wakulima, na shiraa ikakosa wachukuzi. Buibui likaenea badala yake, na likavaliwa pia na wanawake ambao zamani walikatazwa kujifunika.

Je, ni nini hasa kilichobadilisha Lamu? Wako wanaosema ni uchumi: waungwana walianguka kwa sababu watumwa waliondoka, na Riyadha iliokota tu kilichoanguka. Wako wanaotazama mbali zaidi, hadi Seiyun, ambako al-Habshi alikuwa ameanzisha ribati ya kufundisha umma, na kwao Lamu ilikuwa tawi moja la vuguvugu lililosambaa kwa majahazi katika Bahari ya Hindi nzima. Na wapenzi wa Habib Swaleh husema ni baraka zake.

Mpangilio wa miaka unasaidia kuamua. Habib Swaleh alianza kuwafundisha watumwa kabla ya 1907, wakati bwana angali bwana kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo si kweli kwamba dini ilifuata uchumi nyuma kama kivuli. Lakini ni kweli pia kwamba bila sheria ile, darasa la Langoni lingeweza kubaki darasa la Langoni. Sheria ilimwambia mtumwa kwamba si mali ya mtu tena, bila kumwambia yeye ni nani sasa. Jibu la swali hilo lilikuwa limekwisha kuandaliwa katika kibanda cha makuti. Hoja ya Seiyun nayo ina uzito, ila inaeleza vitabu na kisomo vilitoka wapi zaidi ya inavyoeleza kwa nini vilipata wasikilizaji.

Hata hivyo habari hii haiishii katika usawa. Abdul Hamid el-Zein, mwanaanthropolojia aliyeishi Lamu na kuchapisha kitabu juu ya dini ya mji huo mwaka 1974, alionyesha kwamba ngazi ya waungwana ilipovunjika, nyingine ilisimamishwa, na juu yake walikaa masharifu. Mtumwa wa jana alikuwa sasa Mwislamu kamili, lakini aliinama kubusu mkono wa mtu ambaye baraka zake zilipita katika damu, na damu hairithiwi kwa kusoma. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyakosoa mengi ya namna hiyo katika gazeti lake la Al-Islah lililoanza mwaka 1932, akitaka watu wategemee elimu badala ya makaburi na nasaba. Hapo Marx naye anapata sehemu yake.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Wanafunzi wa chuo chake walikuwa wamekwisha kutawanyika mwambao mzima na bara, na miongoni mwa waliosoma hapo walikuwamo Wapokomo na Wagiriama, ambao Mkomani ya zamani isingewakalisha mkekani. Kila mwaka, mwishoni mwa Mfungo Sita, wageni hujaa Lamu kwa maulidi, hulizuru kaburi lake, kisha huandamana mjini kwa zefe. Na uongozi wa Riyadha, tangu siku yake hadi leo, umebaki mikononi mwa kizazi chake.