Dola 130 za Superman

Machi 1938 vijana wawili wa Cleveland, Marekani, walitia saini hati ya kumuuza Superman kwa kampuni ya katuni ya New York. Walilipwa dola 130 kwa kurasa 13. Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora; wote walikuwa na miaka 23, watoto wa Wayahudi wahamiaji, na kazi yao ilikuwa imekataliwa na wachapishaji kwa miaka kadhaa.

Superman wao wa kwanza, wa 1933, alikuwa mwovu mwenye upara. Alitokea katika kijarida walichochapa wenyewe kwa mashine ya kudurufu. Baadaye wakamgeuza kuwa mtetezi wa wanyonge, wakamvisha joho na nembo kifuani, wakamficha katika maisha ya mwandishi wa habari mpole. Mashujaa wengi wa nguvu za ajabu waliomfuata waliundwa kwa mfano huo huo.

Lakini alipambana na nani? Si majitu ya sayari za mbali. Katika toleo la kwanza la jarida la katuni la Action Comics, lililouzwa senti 10, anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila hatia, anamtia adabu mume anayempiga mkewe, kisha anamkamata mtu anayemhonga seneta. Katika toleo la tatu anamfungia tajiri wa mgodi chini ya ardhi, pamoja na wageni wake waliovalia nguo za sherehe, mpaka aonje hatari wanayoishi nayo wachimbaji wake. Marekani ilikuwa imeelemewa na mdororo wa uchumi, na wasomaji waliwafahamu vizuri watu wa aina hiyo.

Mwaka 1939 Superman aliingia magazetini, 1940 redioni. Fedha nyingi zikaenda kwa kampuni. Siegel na Shuster waliishtaki mwaka 1947; wakapewa fidia, ila haki za shujaa zikabaki kule kule na majina yao yakafutwa kwenye kurasa. Mkataba ulikuwa halali, lakini kuwanyima hata majina ilikuwa dhuluma.

Kufikia 1975 Shuster alikuwa karibu kupofuka. Filamu kubwa ilikuwa ikiandaliwa, na Siegel akaviandikia vyombo vya habari barua kali ya malalamiko. Wachoraji wenzao wakasimama nao. Desemba hiyo Warner, iliyokuwa ikimmiliki Superman wakati huo, ilikubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao. Filamu ilipotoka 1978, yalikuwemo. Shuster alifariki 1992, Siegel 1996, na Superman bado alikuwa mali ya kampuni.