Kusoma Akili ya Muuaji

Novemba 10, 1888, siku moja baada ya mwili wa mwanamke aliyeuawa, Mary Jane Kelly, kukutwa Whitechapel, London, daktari wa polisi Thomas Bond aliwaandikia wakuu wa upelelezi kueleza muuaji ni mtu wa namna gani. Mauaji matano, yakiwamo ya mwanamke huyo, alisema, ni kazi ya mkono mmoja, na mwenyewe huenda ni mtu wa makamo, mpweke, nadhifu, mpole kwa kumtazama. Muuaji hakupatikana, lakini njia hiyo ya kumsaka mtu kwa kukisia tabia zake ilibaki.

Ilipata sifa New York. Tangu 1940 mtu mmoja alikuwa akitega mabomu jijini humo, baadaye hata katika majumba ya sinema na stesheni za treni. Mwaka 1956 polisi walimwendea James Brussel, daktari wa magonjwa ya akili, naye akawaeleza juu ya mtu mwenye kinyongo cha miaka mingi na kampuni ya umeme. Baadaye Brussel aliandika kwamba alitabiri hata koti: la safu mbili za vifungo, vyote vimefungwa. Mtega mabomu, George Metesky, alipokamatwa Januari 1957 alikuwa na nguo za kulalia; alipoambiwa abadilishe, alirudi amevaa koti la namna hiyo. Hata hivyo, aliyemgundua ni karani wa kampuni hiyo, Alice Kelly, aliyepekua majalada ya wafanyakazi waliodai fidia akakuta maneno yaleyale yaliyokuwa kwenye barua za mtega mabomu. Historia imempunja mno mama huyu.

Mwaka 1972 FBI ilianzisha kitengo cha sayansi ya tabia huko Quantico. Robert Ressler na John Douglas wakaingia magerezani kuwahoji wauaji. Mwandishi Thomas Harris alifika Quantico kujifunza, na riwaya zake, hasa *The Silence of the Lambs* ya 1988, zikamfanya msoma-akili kuwa shujaa.

Uingereza ilionja madhara ya njia hiyo. Mwaka 1992 mama kijana aliuawa mbele ya mwanawe mdogo huko Wimbledon. Kwa kufuata maelezo ya mwanasaikolojia, polisi walimtegea mtu asiye na hatia askari wa kike aliyejifanya mpenzi. Jaji aliukataa ushahidi uliopatikana kwa mtego huo mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu huyo akiwa rumande, muuaji halisi, Robert Napper, aliua mama mwingine pamoja na bintiye wa miaka minne. Vipimo vya DNA ndivyo vilivyomhusisha na mauaji ya Wimbledon, akakiri mahakamani mwaka 2008.