Maktaba Ifuate Miguu: Hoja ya Kiwanja Kasese na Bwera

Bodi ya Maktaba za Umma iliyoundwa Uganda mwaka 1964 iliendesha maktaba za mikoani kutoka Kampala. Ugatuzi uliofuata Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ulizikabidhi kwa wilaya, na Sheria ya Maktaba ya Taifa ya 2003 haikuzirudisha. Kwa hiyo siku wilaya ya Kasese, magharibi mwa nchi, itakapoamua kujenga maktaba kuu, watakaochagua kiwanja ni madiwani wake wenyewe. Na madiwani, si wa Kasese tu, huanza na swali moja: ardhi ya bure iko wapi?

Jibu liko wazi: Rukoki, kwenye makao makuu ya wilaya, nje kidogo ya mji katika barabara ya Fort Portal. Hakuna wa kulipwa fidia, pametulia, na magari ya wakubwa yana pa kuegesha. Napinga chaguo hilo. Ardhi ikitolewa bure, anayeilipia ni msomaji. Bei ya kiwanja cha mjini hulipwa mara moja na manispaa. Nauli ya boda hulipwa kila siku na mwanafunzi wa sekondari, fundi cherehani au mama muuza ndizi aliyetaka tu kusoma gazeti kwa nusu saa. Huyo wa nusu saa ndiye anayepotea kwanza, kwa sababu hakuna apandaye boda kwenda na kurudi kwa ajili ya nusu saa.

Hoja hii ina historia. Joseph Wheeler, aliyeiongoza maktaba ya Enoch Pratt mjini Baltimore, Marekani, alishikilia kwamba maktaba kuu ijengwe pale duka kubwa la nguo lingetamani kujengwa. Jengo lake la 1933 halikuwa na ngazi za kupanda: mlango ulikuwa sawa na njia ya waendao kwa miguu, na upande wa barabara kulikuwa na madirisha makubwa ya vioo, vitabu vimepangwa ndani kama bidhaa. Mpita njia alikiona kitabu kabla hajajua kwamba anakihitaji. Kinyume chake ni maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931: nguzo, simba wa mawe, ngazi ndefu, na kwa miaka mingi ruhusa kwa Wazungu peke yao. Iko katikati ya mji kabisa, lakini ilijengwa ili itazamwe. Eneo zuri halitoshi kama mlango unatisha.

Kasese ina kishawishi cha pili, majengo ya zamani ya mgodi huko Kilembe. Shaba ndiyo iliyoleta reli hapa mwaka 1956, na mji wenyewe kwa kiasi kikubwa ni mtoto wa reli hiyo. Ingependeza kuona kumbukumbu za wachimbaji zikihifadhiwa palepale walipofanya kazi. Lakini mto Nyamwamba umeshatoa hukumu yake: ulifurika Mei 2013, na Mei 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Vitabu havikimbii maji.

Zaidi ya maji kuna siasa, na hapa wapangaji hupenda kunyamaza. Wilaya ya Kasese ilimegwa kutoka Toro mwaka 1974, baada ya miaka mingi ya harakati za Rwenzururu, zilizodai kujitenga na Toro. Ufalme wa Rwenzururu ukatambuliwa na serikali 2009. Na Novemba 2016 jeshi lilivamia ikulu ya mfalme katika mji huu, watu zaidi ya mia moja wakauawa. Wanaoishi hapa ni Wakonzo, Wasongora, Wanyabindi, Watoro na wengine waliofuata kazi ya mgodi. Ukiijenga maktaba karibu na ikulu, wapo watakaosema si yao. Ukiijenga karibu na kambi ya askari, watasema hivyo wengine. Sokoni hakuna anayeulizwa kabila kabla ya kununua nyanya. Ndiyo maana nasema kiwanja kiwe mahali ambapo mtu anayetoka soko kuu kwenda stendi ya taksi atapita mlangoni bila kuchepuka.

Nitaambiwa kuhusu kelele. Ni kweli makondakta wa Kasese hawana sauti ndogo. Lakini kelele ina dawa: chumba cha kusomea kiwe nyuma au ghorofani, magazeti na watoto wakae mbele. Umbali hauna dawa ya fundi.

Hata hivyo kiwanja bora cha Kasese hakimfai mtu wa Bwera, mji wa mpakani katika wilaya hiyohiyo. Kutoka huko ni zaidi ya kilomita 50, kupitia Kikorongo na mbuga ya Queen Elizabeth. Bwera na jirani yake Mpondwe zina mvuto wake: mpaka wa Kongo, mto Lhubiriha, soko linalowavuta wafanyabiashara wa Kasindi, na Kiswahili kinachotumika pande zote mbili. Maktaba kuu yenye maana ingegawa bajeti tangu siku ya kwanza na kuweka chumba Bwera, jirani na soko, chenye vitabu vya Kiswahili, Lhukonzo, Kiingereza na Kifaransa. Na saa zake zifuate gulio: kifunguliwe mapema wachuuzi wanapowasili, kisifungwe kabla hawajafunga mizigo yao.