Matuta ya Hengistbury Head

Double Dykes ni matuta mawili ya udongo, kila moja na handaki lake, yanayokata shingo ya rasi ya Hengistbury Head katika pwani ya kusini ya Uingereza, karibu na Bournemouth. Kaskazini mwa rasi iko bandari tulivu ya Christchurch, inayopokea maji ya mito Avon na Stour. Kusini ni bahari ya wazi. Kwa kuwa matuta yalifunga nchi kavu kutoka bandarini hadi ufukweni, aliyekuja kwa miguu hakuweza kuyakwepa.

Matuta haya ni ya Enzi ya Chuma, kabla ya Waroma kuitawala Britania. Wajenzi walichimba upande wa magharibi na kuurundika udongo upande wa ndani, wakapata shimo na ukuta kwa kazi moja. Tuta la ndani ndilo kubwa, na hata leo linampita mtu mzima kwa kimo. La nje limeshuka sana, na handaki lake limefukiwa na udongo.

Kilicholindwa kilikuwa na thamani. Kuanzia mnamo mwaka 100 KK, vyombo kutoka Armorika, yaani Bretagne ya leo, vilitia nanga bandarini humo. Uchimbaji wa J. P. Bushe-Fox mwaka 1911 na 1912, kisha ule wa Barry Cunliffe kuanzia 1979, ulifukua vipande vya mitungi mirefu ya mvinyo wa Italia, mbegu za tini, na mabonge ya kioo ghafi cha rangi ya zambarau na ya manjano. Mafundi wa madini nao walifanya kazi hapo. Kwa hiyo kuyaita matuta haya ngome tu ni kuyapunja: yalikuwa pia mpaka wa soko, na aliyeyashika alijua nani anaingia na bidhaa gani zinatoka. Biashara hiyo ilififia baada ya Julius Caesar kuwashinda Waveneti wa Armorika mwaka 56 KK.

Rasi yenyewe ni ya mchanga na mfinyanzi laini, wenye mapande makubwa ya mawe ya chuma ndani yake. Mapande yaliyoporomoka yalilala chini ya genge na kuyavunja nguvu mawimbi. Kuanzia mwaka 1848 kampuni moja iliyakusanya kwa miongo kama miwili, yakaenda kuyeyushwa Wales. Genge likabaki wazi, likamegwa kwa kasi, na mchanga wake ukasukumwa mashariki. Bahari hubebeshwa lawama yote ya uharibifu huu, ilhali ngao ya genge iliondolewa kwa mikono ya watu.

Mwaka 1919 tajiri wa maduka Gordon Selfridge aliinunua rasi akitaka kujenga kasri. Halikujengwa, na mwaka 1930 ardhi ikawa mali ya mji wa Bournemouth. Mwaka 1938 ukuta mrefu wa mawe uliingizwa baharini kwenye ncha ya rasi ili kuuzuia mchanga.

Hatari iliyobaki iko penye matuta, maana hapo nchi ni nyembamba na ya chini. Bahari tayari imekula mwisho wao wa kusini, na ikipenya hapo rasi itakuwa kisiwa, huku bandari ikipoteza kinga yake. Ndiyo sababu vizimba vya waya vilivyojazwa mawe vimepangwa ufukweni mbele yao.