Uchachu ndani ya Jicho

Tunaposoma ukurasa huu, herufi nyeusi zajitenga wazi na karatasi nyeupe. Kazi hiyo yaanza ndani ya jicho lenyewe, na uchachu kama ule wa ndimu, ingawa ni kidogo mno, una sehemu yake. Tuone jinsi wataalamu walivyolifikia jambo hilo.

Nyuma ya jicho mna utando wenye seli zinazopokea mwanga. Zile za mchana huitwa koni. Kila koni ina milango midogo sana ya kupitishia ioni, yaani chembe zenye umeme. Mtu angefikiri kwamba mwanga huifungua milango hiyo. Lakini Tsuneo Tomita wa Japani alipima umeme ndani ya koni za samaki, akatoa habari mwaka 1965 kwamba mwanga hufanya umeme wa ndani uzidi kuwa hasi. Baadaye ikajulikana sababu yake: milango ya kupokelea mwanga hufunguka gizani, na mwanga ndio huifunga.

Mwaka 1971 Baylor, Fuortes na O'Bryan walichunguza jicho la kobe wa maji. Waliona kwamba koni hubadilika hata kwa mwanga ulioangukia jirani zake. Seli nyingine, zilizolala mlalo, ndizo zinazoirudishia habari. Lakini kwa njia gani?

Chini ya koni mna milango mingine, ya kalsiamu. Ikifunguka, koni hutoa ujumbe wake. Mwaka 1993 Barnes na wenzake walionyesha kwamba uchachu ukizidi, milango hiyo huzuiliwa. Mwaka 2003 Hirasawa na Kaneko walitia dawa izuiayo uchachu usibadilike. Mara habari ya majirani ikakoma.

Basi tufahamu hivi: majirani wakipata mwanga, uchachu kwenye mguu wa koni hupungua, na milango ya kalsiamu hufunguka zaidi. Koni iliyo upande mweusi, karibu na weupe, hutangaza giza kwa nguvu zaidi. Hivyo mpaka wa herufi waonekana.

Ubishi haujaisha; tangu mwaka 2001 Kamermans na wenzake wametetea njia ya umeme. Lakini hata wabishi hao wakubaliana neno moja: hakuna koni ionayo peke yake. Kila moja husikiliza jirani zake pia.