Kibindo, Mkwiji na Sporani: Habari za Nguo Isiyo na Mfuko

Kila unapofika msimu wa usajili wa wachezaji, kurasa zetu za michezo huyafufua maneno mawili ya kale. Mchezaji fulani "ametia kibindoni" mamilioni ya shilingi. Kocha mpya "amerithi mikoba" ya mwenzake aliyefukuzwa. Mwandishi huyaandika bila kusita na msomaji huyapokea bila kuuliza. Juzi niliwauliza vijana wanne waliokuwa wamekaa juu ya bodaboda zao hapa Kasoli kibindo ni kitu gani. Mmoja alijibu kuwa ni akaunti ya benki. Wa pili alisema ni mfuko wa nyuma wa suruali. Wawili waliosalia walicheka tu, nami sikuwalaumu, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyepata kushinda siku nzima ndani ya nguo isiyo na mfuko.

Kibindo ni mkunjo wa nguo yenyewe. Mwanamume aliyevaa shuka, kikoi au msuri aliuviringisha upindo wa juu kiunoni, na ndani ya mviringo huo akaweka alichonacho: tumbaku, sarafu chache, kisu kidogo, barua. Wanawake walikuwa na njia yao, nayo ingali hai sokoni Bariadi hadi leo: noti hukunjwa ikafungwa fundo kwenye pindo la kanga. Kibindo hakigharimu kitu, ila kina udhaifu wake. Mtu akikimbia, akichutama au akivuka mto, mali humponyoka.

Kwa mzigo mzito zaidi watu wa pwani walitumia mkwiji, mfuko mrefu mwembamba wa kuwekea fedha, uliofungwa kiunoni kama mshipi. Umuhimu wake huonekana ukiipima fedha ya wakati ule. Riale ya Maria Theresa, iliyozunguka sana katika biashara ya Zanzibar ya karne ya 19, ina uzito wa gramu 28 hivi. Riale mia moja hukaribia kilo tatu. Hakuna kibindo kinachoweza kuzihimili.

Wa tatu ni mkoba. Huu ulikuwa wa ngozi au wa ukindu, ukaning'inizwa begani au ubavuni, nao ulimtambulisha mwenyewe: mwindaji, fundi, na zaidi ya wote mganga. Ndani ya mkoba wa mganga, ambaye kwetu Usukumani huitwa nfumu, mlikuwamo dawa na zana zake, na kukabidhiwa mkoba kulikuwa kukabidhiwa elimu pamoja na ruhusa ya kuitumia. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo mikoba anayoirithi kocha wa mpira, ingawa yeye huonyeshwa akikabidhiwa jezi na skafu.

Nimeyachambua haya kwa sababu ya mpwa wangu anayesoma Glasgow. Rafiki yake wa huko anaoa, naye ameombwa kuwa miongoni mwa wasimamizi wa bwana harusi, kwa hiyo atavaa kilti. Kilti yenyewe ataikodi. Sporani, yaani mkoba unaovaliwa mbele yake, anataka iwe mali yake. Akaniandikia: "Mjomba, shikamoo. Madukani zipo za kila bei. Nitaijuaje iliyotengenezwa vizuri? Na kwa Kiswahili tuiiteje?" Aliniuliza mimi kwa kuwa baba yangu, babu yake, alikuwa fundi wa ngozi hapa Kasoli. Alishona makubazi na mikoba, na wateja wake wakubwa walikuja wakati wa malipo ya pamba, enzi za ule muungano mkubwa wa vyama vya ushirika wa wakulima wa Kanda ya Ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Mkulima aliyepokea fedha taslimu alihitaji mahali pa kuziweka njiani. Makubazi yaliuawa na katambuga za matairi. Mikoba iliuawa na suruali.

Kwa msomaji asiyepata kuiona, kilti ni vazi la kiunoni la sufu yenye miraba ya rangi, marinda yake yakiwa nyuma, urefu wake ukiishia magotini. Huweza kula yadi 8 za kitambaa, na katika yadi zote hizo hamna mfuko hata mmoja. Asili yake ni shuka kubwa lililofungwa kwa mshipi, nusu yake ikapandishwa begani. Mzee wa Kimasai na mzee wa milima ya Uskoti wa karne ya 17 wangeelewana upesi juu ya jambo hilo. Neno sporan katika Kigaeli lina maana ya mfuko wa fedha tu. Wa kwanza walikuwa nao wa ngozi ya kulungu au ya ndama, mdomo ukifungwa kwa kamba. Baadaye ukaja mdomo wa shaba wenye kitasa. Walter Scott, katika riwaya yake Rob Roy ya mwaka 1817, alimpa shujaa wake mkoba uliofichwa bastola kwenye kitasa, ili anayeufungua bila kuijua siri yake apigwe risasi.

Wakati riwaya hiyo inatoka, vazi lenyewe lilikuwa limenusurika kwa shida. Baada ya Waskoti wa milimani kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume kulivaa, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1782. Walioruhusiwa walikuwa askari wa vikosi vya mfalme. Ndiyo maana sporani iliokolewa na jeshi, na jeshi likaikuza kupita kiasi: ikawa ndefu, ya singa za farasi au za mbuzi, yenye vishada vinavyoyumba kwa hatua za gwaride. Maofisa wa kikosi cha Argyll and Sutherland walivaa yenye kichwa kizima cha mnyama wa jamii ya nyegere. Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, Scott huyo huyo ndiye aliyepanga sherehe, na vazi lililokuwa la waasi likawa la taifa.

Hapo historia yao na yetu zinaachana, na kinachoziachanisha ni jeshi lile lile la Uingereza. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa 1902, kilimvisha askari wetu kaptula. Shule ikamvisha mtoto kaptula. Aliyerudi kijijini na kaptula alirudi na mifuko miwili ya bure pajani, na fundi wa mkoba hakuwa na la kumuuzia. Hata sarafu zilishiriki: senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi. Mskoti alikatazwa vazi lake kwa sheria, akalililia, akalirudia. Sisi hatukukatazwa kibindo. Kilituacha polepole, na hakuna aliyekitungia shairi la maombolezo.

Maneno, hata hivyo, yalipata kazi nyingine. Mfuko umepanda cheo hadi serikalini, ukawa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na mifuko mingine isiyohesabika. Kikoba, yaani mkoba mdogo, kimepata bahati ya ajabu zaidi: vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991, vilipofika Tanzania vilipewa kifupi cha Kiingereza, VICOBA. Akina mama wakakisikia kama neno lao wenyewe, wakakipa umoja wake, kikoba, na sanduku la fedha likawa na jina ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tayari. Mkwiji peke yake haukupata ajira. Umebaki kamusini.

Sasa swali la kwanza la kijana. Nilimwandikia aliyokuwa akiyasema baba yangu, kwa kuwa ngozi ni ngozi. Ugeuze mkoba kabla ya kuutazama usoni, maana uso hupambwa na mgongo husema kweli. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi iliyodabaghiwa kwa magome, kama ya miwati ya Njombe, huwa na rangi moja mpaka ndani, ilhali ubao wa makombo ya ngozi yaliyogandishwa kwa gundi huonyesha tabaka. Hesabu mishono, uone kama matundu ya msharasi yamepangana. Mshono wa sindano mbili, kila uzi ukipita njia yake, ukikatika mahali pamoja hauachii pengine. Wa mashine huweza kufumuka wote. Kifuniko kifunge bila kulazimishwa. Pete zinazoshika mnyororo ziwe zimeshonewa kwenye kipande cha ngozi cha ziada, kwa kuwa uzito wote wa mkoba huishia hapo, na hapo ndipo mafundi wavivu hukimbilia gundi.

Manyoya nilimshauri ayaache. Sporani za sherehe zilizoea kutengenezwa kwa ngozi ya sili, na Umoja wa Ulaya ulizuia biashara ya bidhaa za mnyama huyo mwaka 2009. Kijana anayepita viwanja vya ndege hana haja ya kesi ya aina hiyo. Ngozi tupu ya ng'ombe humfaa mtu harusini na hata baada ya harusi.

Swali la pili lilinichukua siku tatu. Kibindo hakifai, maana ni mkunjo. Mkwiji nilitamani sana kuufufua, lakini ulifichwa chini ya nguo, na sporani huvaliwa ili ionekane. Mkoba ndio wenye haki, ingawa katika masikio ya wazee una harufu ya dawa. Nimemwambia aseme "mkoba wa kiunoni", na dukani aseme sporani.

Alijibu kuwa zile zinazofaulu mitihani ya babu zinauzidi uwezo wa mwanafunzi. Misharasi ya baba ningali nayo, imo katika mkoba wake juu ya mlango, na mikono yangu haikuwahi kuijua kazi hiyo. Nimempelekea fundi kijana, aliyesomea ngozi Mwanza kwenye kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, akaikagua mmoja mmoja na kuichagua miwili. Ngozi ameipata Bariadi, ya dume, ikiwa na mikwaruzo ya miiba na chapa ya moto ubavuni. Alitaka kuikata sehemu hiyo aitupe, kwa kuwa wanunuzi huiona kuwa dosari. Nimemwomba chapa ibaki, tena ikae katikati ya kifuniko.